Kiti cha Dereva Kilichokuwa Kinasogea Chenyewe

Mara ya kwanza nilidhani ni Wifi.

Mara ya pili nilimuuliza Wifi, akaapa kwa watoto wake wote wawili kwamba hajagusa.

Mara ya tatu nilifunga banda mwenyewe kwa kufuli, ufunguo nikaulaza chini ya mto wangu. Asubuhi tunafungua, kiti cha dereva kimesogea mbele. Matundu mawili ya reli yake, kama siku zote.

Wifi akarudi nyuma, mkono mdomoni.

"Ni baba," akanong'ona. "Baba amerudi kuendesha gari lake."

"Baba yako alikuwa mrefu kama nguzo ya umeme," nikamwambia. "Angekuwa yeye, kiti kingesogea nyuma. Huu mzimu ni mfupi. Kamata spana tufanye kazi."

Nijieleze kidogo, msije mkadhani mnasoma habari za wachawi. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Nina stashahada, nina watoto watatu, nina mume mpole, na sina muda wa mizimu. Kitu kikisogea, kuna mtu amekisogeza. Swali langu lilikuwa moja tu: nani?

Gari lenyewe tulilijua kuwa la marehemu baba mkwe. Milango miwili, pua ndefu, aina ya gari ambalo zamani likipita mtu anasahau alikokuwa anakwenda. Lilikaa bandani, nyuma ya nyumba ya mama mkwe, miaka na miaka. Rangi yake nyekundu ilipauka ikawa kama ya tofali. Kuku walikuwa wamehamia kiti cha nyuma na hawakuwa na mpango wa kuondoka.

Wifi ni dada wa mume wangu, kazi yake ni kuendesha gari la kusambaza mikate. Siku moja alinijia mbio na tangazo. Mbio za saa sita, magari ya zamani, madereva wa kawaida kama sisi. Hapo kasi peke yake haitoshi. Gari lazima lidumu saa zote sita, lizunguke uwanja mara mia na hamsini, na livuke mstari wa mwisho kwa magurudumu yake lenyewe. Pungufu ya hapo, hujamaliza.

"Tunaingia," akasema.

"Na gari gani?"

Akageuza macho kuelekea bandani.

Tukaenda kwa mama mkwe kuomba ruhusa. Mama ana miaka sitini na tisa, mfupi, mkavu wa maneno. Tulimkuta jikoni anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa.

"Chukueni. Ila mjue kuna mtu amekuja mara mbili anataka kulinunua. Likimaliza hizo mbio, linabaki hapa. Likishindwa, Jumatatu linaondoka. Na sitaki kuona mtu analia."

Wifi akalia hapohapo.

Si kwa deko. Kila Jumamosi ya utoto wake alikuwa akiosha lile gari na baba yake. Alisema ndani bado kuna harufu ya sabuni ya baba. Mimi nilisikia harufu ya kuku tu, lakini kuna mambo humwambii wifi yako.

Basi tukaunda timu. Mimi, Wifi, na Mwalimu, rafiki yetu tangu shule, ambaye anafundisha hesabu na hata ngazi akipanda anazihesabu. Sisi ndio madereva. Wa nne alikuwa Fundi Kimya, mwenye gereji ng'ambo ya barabara. Maneno yake kwa siku hayafiki kumi.

Tulianza kwa kuwahamisha kuku. Chini ya kiti tukakuta mayai tisa ya umri usiojulikana. Mwalimu aliyabeba moja moja kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba bomu. La saba likamponyoka. Kazi ya siku ile ikaishia hapo.

Kisha tukang'oa mazulia, kiti cha nyuma, redio, kila kilichokuwa na uzito bila faida.

"Kila kilo tunayotoa ni mafuta tunayookoa," Mwalimu akasema, akanitazama kiunoni.

"Usithubutu," nikamwambia.

Fundi Kimya akachomelea vyuma vya kinga ndani, gari likipinduka paa lisije likatuponda. Akaweka breki mpya, mikanda ya mabega, mipira mipya ya rejeta, na nyaya mpya mahali pa zile zilizotafunwa na panya. Miezi minne, kila jioni baada ya kazi. Mikono yangu ya hospitalini, inayooshwa mara thelathini kwa siku, ilipata weusi chini ya kucha usiotoka kwa sabuni yoyote. Daktari wangu wa upasuaji alinitazama vidole, akatazama mgonjwa, akanirudisha kwenye sinki.

Sasa nieleze sheria yangu, maana ndiyo iliyotuponza.

Kule kazini, kabla tumbo la mgonjwa halijafungwa, tunahesabu. Kila mkasi, kila koleo, kila kipande cha kitambaa. Kilichoingia lazima kitoke. Kikipungua kimoja, hakuna kushona, hata daktari apige kelele namna gani.

Nikaihamishia sheria hiyo bandani. Spana zetu zilikuwa kumi na moja. Nikachora umbo la kila moja ukutani na kuipa namba. Hakuna kufunga boneti mpaka zote kumi na moja ziwe mahali pake.

"Wifi, hili ni gari, si mgonjwa," Wifi alilalamika.

"Umeiona hali yake? Ni mgonjwa. Hesabu."

Kwa hiyo spana hazikupotea hata moja. Lakini kiti kiliendelea kusogea.

Halafu Mwalimu akagundua jambo jingine. Alikuwa akipima mafuta kwa kijiti kila jioni na kila asubuhi, kwa sababu ndivyo alivyoumbwa.

"Jamani, lita mbili hazipo."

Wote tukamgeukia Fundi Kimya.

"Fundi?" nikamwita.

"Sijui," akasema.

Akainama chini ya gari akaendelea kukaza nati ambayo nilimwona akiikaza jana yake. Jasho lilimtoka puani, na asubuhi ile kulikuwa na baridi. Nikaweka akilini: huyu mtu anatuibia mafuta. Nilinyamaza kwa sababu fundi mwingine hatukuwa naye, ila tangu siku hiyo nilimpa chai bila sukari.

Siku ya mbio ikafika.

Uwanja ulikuwa wa lami iliyochakaa, kona saba, ukuta wa matairi pande zote. Magari ishirini na mawili. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Sheria nyingine ilikuwa hii: hakuna dereva kuendesha zaidi ya saa mbili na nusu kwa jumla.

Mama mkwe alikuja pia. Alikaa kwenye kiti cha kukunja nyuma ya kibanda cha matengenezo tulichopewa, na gauni lake pana la maua na kikapu chake cha sokoni, akimenya machungwa.

"Mama, umekuja kutuombea?" nikamtania.

"Nimekuja kuangalia mnavyoharibu."

Wifi akaanza. Yule mwanamke ana mguu mzito! Saa mbili kamili, mizunguko hamsini na mitano, mzunguko wake bora dakika mbili na sekunde kumi. Gari lilinguruma vizuri mpaka Fundi Kimya akatabasamu, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Akaingia Mwalimu.

Hapo ndipo tulipojua kosa letu. Mwalimu alikuwa amekokotoa mafuta, matairi, joto la injini na mwelekeo wa upepo. Kitu kimoja hakukokotoa: kuzunguka kunamtia kizunguzungu. Kwenye mazoezi hakuwahi kukaa ndani zaidi ya dakika tano.

Dakika ya ishirini akarudi, akafungua mlango, akashuka kwa magoti. Sitaelezea hali ya ndani ya helmeti yake. Mimi ni muuguzi, nimeona mengi, na bado niligeuza uso.

Alilala chali kwenye lami, macho yamefumbwa, kidole kinaandika hewani.

"Wewe saa mbili na nusu," akaninong'oneza. "Wifi amebakiza nusu saa. Toa muda wa kusimama... Kuna dakika ishirini na nane mwishoni... hazina mtu."

"Utapona utaendesha."

Akanifumbulia jicho moja. "Ukinirudisha mle ndani, urafiki umekwisha."

Na injini ilikuwa imepanda joto. Fundi Kimya akafungua boneti, akakaza mpira wa rejeta uliolegea, dakika mbili, kazi imekwisha. Akashika boneti afunge.

"Subiri!" nikapaza sauti. "Hesabu."

Moja, mbili, tatu... kumi.

Nikarudia. Kumi.

"Namba sita haipo. Hakuna kufunga."

"Wifi, magari yanapita!" Wifi akanipigia kelele.

"Ikianguka kwenye feni je? Tafuteni!"

Tukatafuta chini ya injini, chini ya gari, chini ya Mwalimu. Fundi Kimya akalala kifudifudi na tochi mchana kweupe. Magari yanatupita vuu, vuu, vuu. Dakika nane zikayeyuka.

Mama mkwe akaacha chungwa lake, akanyoosha kisu kuelekea kifuani pangu.

"Mkwe. Hicho kinachochungulia mfukoni mwako ni kalamu?"

Ilikuwa namba sita. Kwenye mfuko wa ovaroli yangu, nilipoiweka mwenyewe wakati nampokea Mwalimu.

Jamani, kuna aibu na kuna aibu. Nilivaa helmeti haraka ili nisione nyuso za watu.

Niliendesha saa mbili na nusu zangu zote. Mikono iliuma, mgongo uliuma, na jasho liliingia machoni. Sikuwa na kasi ya Wifi lakini sikugonga kitu, na kila kona niliyokata niliwaza dakika ishirini zisizo na mtu. Niliona gari likiondoka bandani Jumatatu, na Wifi amesimama mlangoni na ndoo ya sabuni.

Nilipotoka, Wifi akaingia kumalizia nusu saa yake. Mwalimu, sasa amekaa na kitambaa cha maji kichwani, akanipa hesabu ya kifo.

"Wifi akitoka tutakuwa na mia na arobaini. Itabaki mizunguko kumi, kwa dakika ishirini. Yaani dakika mbili kamili kwa kila mzunguko. Wifi mwenyewe hajawahi kushuka chini ya mbili na kumi. Na zile dakika zako nane..."

"Malizia tu."

"Zingetosha mizunguko mitatu."

Nilikwenda moja kwa moja kwenye meza ya karani wa mbio, na ovaroli imenigandia mwilini. Nilikuwa tayari kumpigia magoti.

"Baba, naomba utukubalie dereva wa ziada. Yeyote. Mmoja wetu ameugua."

Karani akavuta daftari lake.

"Dereva wa ziada wa nini? Mnao wanne."

"Tuko watatu."

"Wanne. Wa nne ni mwenye gari."

"Mwenye gari ni marehemu."

Akanitazama juu ya miwani. "Basi marehemu amesaini vizuri sana leo asubuhi. Na daktari wetu amempima, presha yake safi."

Akanigeuzia daftari. Kando yake kulikuwa na nakala ya kadi ya gari. Nikasoma jina la mwenye gari. Jina lile mara ya mwisho nililiona limeandikwa kwa ukamilifu kwenye kadi ya harusi yangu, upande wa wazazi wa bwana harusi. Mstari wa pili.

Nikageuka.

Mama mkwe alikuwa ameshasimama. Kikapu cha sokoni kilikuwa wazi, na chini ya machungwa akatoa helmeti ya zamani, nyeupe, imesuguliwa inang'aa. Akafungua vifungo vya gauni la maua kimoja kimoja, bila haraka. Ndani yake ovaroli.

"Fundi," akasema, "binti yangu akiingia, kisogeze kiti."

"Matundu mawili, Mama," Fundi Kimya akajibu. "Najua."



"Wewe!" nikamwambia Fundi. "Yale mafuta!"

Hapo Fundi Kimya akatoa hotuba ndefu kuliko zote za maisha yake. "Kila alfajiri. Barabara ya kiwanda kilichofungwa. Mama alitaka kuizoea klachi upya. Alinikataza kusema. Na chai yako ni chungu."

"Na kufuli? Ufunguo ulikuwa kwangu!"

"Banda langu, kufuli langu," mama mkwe akasema, akifunga mkanda wa kidevu. "Ulidhani dukani walinipa ufunguo mmoja?"

Wifi akaingia kibandani na gari, akashuka anapepesuka, akakutana uso kwa uso na helmeti nyeupe.

"Mama?!"

"Pisha. Unanichelewesha."

Na akaondoka. Matairi yalilia mpaka watu wa vibanda vya jirani wakatoka kuangalia.

Mzunguko wa kwanza, dakika mbili na sekunde tisa. Wa pili, mbili na mbili. Wa tatu, Mwalimu akaitikisa saa yake akidhani imeharibika: dakika moja na sekunde hamsini na saba.

Nikashika redio ya kuongea na dereva. "Mama, punguza kona ya tatu, unaikata vibaya!"

"Mkwe," sauti ikarudi, imetulia kama mtu aliye sebuleni, "mimi nikikwambia chumvi imezidi, unanuna siku mbili. Niache."

Niliweka redio chini. Nikaanza kuhesabu spana, nipate kitu cha kushika. Kumi na moja. Kumi na moja. Kumi na moja.

Wifi hakulia wala hakupiga kelele. Alisimama kwenye uzio, vidole vimeng'ang'ania waya, macho yanafuata lile gari kona hadi kona. Mzunguko wa saba. Wa nane. Wa tisa.

"Mia na arobaini na tisa!" Mwalimu akaita. "Amebakiza dakika mbili na sekunde moja!"

Gari likapotea nyuma ya ukuta wa matairi. Likachelewa kutokea. Nilishika mkono wa Fundi Kimya nikaubana mpaka akasema neno ambalo sitaliandika hapa.

Likatokea. Pua ndefu, rangi ya tofali, linanguruma kama limekasirika. Likavuka mstari, na bendera ya mirabaraba ikashuka nyuma yake tu.

Mia na hamsini. Sekunde tatu za akiba.

Tulikuwa wa kumi na tisa kati ya magari ishirini na mawili, na tulishangilia mpaka mshindi akaja kuuliza kama kuna mtu amejifungua.

Mama alivua helmeti. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimelowa. Nikatoa kipimo changu cha presha kwenye begi, maana siwezi kujizuia. Ilikuwa nzuri kuliko yangu.

"Ndiyo maana sikukwambia," akasema. "Ungenipima mpaka mbio zikaisha."

Kweli ningempima.

"Mama, ile picha ya sebuleni," Wifi akaanza. "Mtu wa helmeti nyeupe amesimama kando ya gari..."

"Ni mimi. Baba yako ni yule mrefu pembeni mwenye saa ya kupimia. Alikuwa ananihesabia muda. Kuendesha alikuwa hajui, alikuwa hodari wa kuosha."

Ile picha nimeifuta vumbi miaka kumi na minne. Mtu wa helmeti anafika kimo cha paa la gari tu. Baba mkwe alikuwa anainama kuingia mlangoni. Miaka kumi na minne, na macho haya ninayojisifia nayo kazini.

"Kwa nini uliacha?" nikauliza.

Akamnyooshea Wifi kidole. "Nilipata mimba ya huyu. Nikasema nitarudi akianza kutembea. Akaja mwingine, ikaja kazi, ikaja nyumba. Mara mkaanza kuniita bibi."

"Na mnunuzi?" Wifi akasema. "Yule anayekuja Jumatatu?"

"Mnunuzi gani? Nilitaka mkaze nati."

Wifi akacheka na kulia kwa pamoja, akamkumbatia mama yake na ovaroli yake na jasho lake. "Mama, lakini kwa nini hukutuambia siku zote hizi?"

Mama akamtazama, akanitazama na mimi.

"Mliuliza?"

Mwalimu akavua kitambaa kichwani, akakikamua.

Somo langu nalitoa waziwazi, sina maneno ya kupamba. Mimi nilihesabu spana kumi na moja kila siku kwa miezi minne. Presha ya mama mkwe naihesabu kila Jumapili. Yeye mwenyewe sikuwahi kumhesabu. Nilimweka kwenye kundi la watu wa kupewa dawa na kuletewa kiti. Nyumbani kwako kuna mtu kama huyo. Nenda leo, mwulize alikuwa nani kabla hujamjua, kisha funga mdomo usikilize.

Gari limebaki. Jumamosi Wifi analiosha, na mama anasimama pembeni kumwonyesha alipoacha povu. Fundi Kimya sasa anapata sukari vijiko vitatu.

Mbio zijazo mama ameshajiandikisha dereva wa kwanza, saa mbili na nusu kamili. Mimi ni wa ziada. Na kile kiti ameamuru kichomelewe palepale, matundu mawili mbele, kisiguswe tena.

Naendesha magoti yakiwa karibu na masikio. Sijalalamika. Nani atanisikiliza?